Shahidi wa Uzazi, na Damu Tusiyoipima



Mwaka jana nilikaa upande wa wanawake katika msiba mmoja mtaa wa Munuki, hapa Juba. Marehemu alikuwa mama wa watoto wanne. Wa nne alikuwa na umri wa siku mbili, amelala mapajani kwa bibi yake, ananyonya ngumi. Mzungumzaji, Allah amlipe kheri kwa nia yake, alitueleza kwa kipaza sauti kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi ni shahidi, basi tusilie kupita kiasi. Akina mama waliitikia alhamdulillah, na mimi nikaitikia. Lakini mimi ni mwanafunzi wa ukunga, mwaka wa tatu, na wifi wa marehemu alikuwa ameshaninong'oneza jinsi ilivyokuwa. Alijifungulia nyumbani baada ya Isha. Damu haikukatika. Jirani akasema iacheni, inasafisha tumbo. Bodaboda iliitwa karibu na Alfajiri.

Tangu siku ile nimeulizwa na dada wawili wa jumuiya yetu kama hadithi ya shahidi wa uzazi ni sahihi. Ni swali zuri, na jibu lake linatufikisha mbali kuliko nilivyotarajia.

Hadithi ipo. Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Atik (RA), nayo imo katika Muwatta ya Imam Malik, na katika Sunan za Abu Dawud na Nasai. Mtume (SAW) alikwenda kumtazama swahaba aliyekuwa mgonjwa mahututi, akawataja mashahidi saba wasiokuwa wale waliouawa katika njia ya Allah. Miongoni mwao ni aliyekufa kwa tauni, aliyezama majini, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyeungua moto, aliyeangukiwa na jengo, na mwanamke anayekufa kwa ujauzito au uzazi. Basi familia ile iliambiwa jambo la kweli, na ni faraja kubwa ambayo sina haki ya kuwanyang'anya.

Lakini tuisome orodha yote, tusichukue jina moja tu. Tauni imo. Na ni Mtume (SAW) huyo huyo aliyekataza kuingia katika mji wenye tauni. Kwa hadithi hiyo, aliyoisimulia Abdurrahman bin Awf, Umar bin Khattab (RA) alirudi na msafara wake kutoka Sargh, njiani kuelekea Sham. Moto umo, na tumeamrishwa kuzima taa za moto tunapolala usiku. Aliyezama yumo, na sijasikia mtu anayesimama ukingoni mwa Bahr el Jebel akimwangalia mtoto anazama kwa hoja kwamba atakuwa shahidi. Daraja ile ni rehema ya Allah kwa aliyefikwa. Walio hai wamewekewa wajibu wao mwingine. Katika saba hao, ni mwanamke wa uzazi peke yake ambaye tunamfariji kwanza na kumtafutia usafiri baadaye.

Na si jambo la mtu mmoja. Utafiti wa afya ya kaya wa mwaka 2006, uliofanyika kabla nchi yetu haijawa nchi, ulikadiria vifo 2,054 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wakati wa uhuru, Julai 2011, wakunga waliosajiliwa kwa mafunzo kamili walihesabika kwa vidole. Chuo cha uuguzi na ukunga cha Juba kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, 2010, ndani ya eneo la hospitali ya rufaa. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 ni vifo 1,223 kwa 100,000. Mbinu za kukadiria hazifanani, kwa hiyo usizitoe namba hizi moja kwa nyingine ukadhani umepata maendeleo kamili. Hata ile ndogo bado ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani.

Sababu inayoongoza ni damu. Hapa naomba mnivumilie nieleze kama tunavyofundishwa darasani, kwa sababu ndugu wengi wa kiume wa jumuiya hii watakuwa waume muda si mrefu, na wao ndio wataamua kama bodaboda inaitwa saa tatu usiku au saa kumi alfajiri.

Mimba inapotimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe. Nyuzi zake zimepishana kama ukili wa mkeka, na zinapokaza huibana mishipa kila upande. Mkunga akiweka mkono chini ya kitovu cha mama anatakiwa aguse kitu kigumu kama mpira. Akigusa kitu laini kama unga uliokandwa, mfuko umelegea na damu inakwenda. Kulegea huko ndiko chanzo cha damu nyingi tunazoziona, yapata saba katika kila kumi. Zilizobaki hutokana na kipande cha kondo kilichosalia ndani, kuchanika, au damu yenyewe kushindwa kuganda. Kuhusu "kusafisha tumbo", ni kweli kwamba damu kiasi hutoka kwa kila mzazi. Ila mtu mwenye upungufu wa damu kwa malaria na lishe duni, kama walivyo wajawazito wengi hapa, anaanza safari na akiba ndogo, na kiasi ambacho mwingine angekistahimili kinamwangusha.

Sasa nikiri kosa langu. Katika mazoezi yangu ya wodini, mahali ambapo sitapataja, nilimhudumia mama aliyejifungua vizuri, nikaandika kwenye faili: damu mililita 300. Sikupima chochote. Kila mtu aliandika 300 au 250, na mimi nikaandika kama walivyoandika. Nguo zililowa, kitenge chake (hapa tunaita lawa) kililowa, na sakafuni kulikuwa na damu iliyochanganyika na maji. Baada ya dakika arobaini mama akaanza kusema anaona giza. Mkunga mkuu alipokuja aliangalia sakafu, akaangalia faili, akaniangalia mimi. Alhamdulillah yule mama alipona, baada ya dripu mbili na chupa ya damu iliyotoka kwa shemeji yake. Faili lile bado linasema 300.

Baadaye ndipo niliposoma utafiti ambao naona kila mkunga wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Unaitwa E-MOTIVE, ulichapishwa Mei 2023, na ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hakukuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Kila mama aliwekewa chini ya makalio karatasi ya nailoni yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, damu inaingia humo na inasomwa kama maziwa kwenye jagi. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 na mama ana dalili nyingine za hatari, mambo matano hufanywa kwa pamoja bila kungojana: kusugua mfuko wa uzazi, kumpa dawa ya kuukaza, kumpa tranexamic acid inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, kumtundikia dripu, na kumchunguza kutafuta chanzo na kuita msaada.

Hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, yaani jicho langu na ile 300 yangu, ziligundua karibu nusu tu ya akina mama waliokuwa wanavuja damu nyingi. Zenye mfuko wa vipimo ziligundua 93 katika 100. Matokeo mabaya kabisa, ambayo ni kupoteza lita nzima na zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kifo cha damu, yalikuwa asilimia 4.3 upande mmoja na asilimia 1.6 upande wa pili. Niliposoma namba hizo sikulala vizuri. Nusu ya wale tuliokuwa tukiwaita "wazima" hawakuwa wazima.

Tranexamic acid yenyewe ilijaribiwa kabla, katika utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, kwa akina mama 20,060 katika nchi 21. Ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa karibu theluthi. Baada ya saa tatu haikusaidia. Mrudieni yule dada wa Munuki: Isha hadi Alfajiri ni saa ngapi?

Juba ina shida yake ya ziada, nayo ni joto. Oxytocin, dawa kuu ya kukaza mfuko, inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto kali. Friji ya kituo inategemea jenereta, na jenereta inategemea dizeli. Dawa iliyokaa juani haibadiliki rangi. Unaichoma, unasubiri mfuko ukaze, na haukazi. Ndiyo maana wengi wetu tulifurahi kusikia kuhusu carbetocin isiyoharibika kwa joto, ambayo hustahimili nyuzi 30 kwa miaka mitatu. Ilijaribiwa kwa akina mama 29,645 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika kuzuia damu kuvuka mililita 500 haikuzidiwa na oxytocin iliyotunzwa vizuri. Ipo pia misoprostol, vidonge visivyohitaji friji wala sindano. Mwaka 2012 vilijaribiwa katika kaunti ya Mundri East, Equatoria Magharibi. Mjamzito alipewa mapema avitunze, avimeze mara tu baada ya mtoto kutoka. Si badala ya kituo cha afya. Ni kwa ajili ya yule ambaye usiku, mvua au risasi imemfungia njia.

Nije kwenye ruhusa, kwa sababu ndipo wanapokufa wengine hata baada ya kufika. Thaddeus na Maine, mwaka 1994, walizigawa sababu za vifo vya uzazi katika kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kwetu kuna kuchelewa ambako mtu anaweza kukuweka katika fungu la kwanza au la tatu. Mama yuko kitandani, daktari anasema upasuaji sasa hivi, na watu wanampigia simu mume aliyeko Wau au Khartoum, au wanamngoja mjomba. Wengine wanasema dini ndiyo inayotaka hivyo.

Dini haitaki hivyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi Mei 1992, azimio namba 67, liliweka wazi kwamba idhini ya matibabu ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa ni mtu mzima mwenye akili timamu, na kwamba katika dharura ambayo uhai uko hatarini matibabu hayasubiri idhini. Kumshauri mume ni adabu na ni mapenzi. Lakini mke aliyebaleghe, mwenye akili zake, anayesema nipasueni, ameshasema. Nawasihi maimamu wetu walitaje azimio hili kwenye darsa za baada ya Maghrib, kwa sababu mkunga wa kike wa miaka 22 akilitaja mbele ya wazee saba huonekana hana adabu. Najua ninachokisema.

Na damu ya kumwongezea inatoka wapi? Hapa kwetu mara nyingi inatoka kwa jamaa waliosimama nje. Usiku wa yule mama wangu wa 300 kulikuwa na wanaume watano barazani. Mmoja alisema ana presha, mmoja alisema anatafuta maji akapotea, wawili walisema damu ikitolewa nguvu za kiume hupungua. Shemeji mmoja alinyoosha mkono. Chupa moja ni kama mililita 450. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na maji yaliyopungua mwilini hurudi ndani ya siku moja au mbili. Wanazuoni wa zama zetu wameruhusu kutoa damu pasipo kuiuza. Kama ni Ramadhani, nao wamekhitilafiana kama funga inabatilika kwa kukilinganisha na kuumikwa, toa usiku ubaki na amani. Mjue kundi lenu la damu kabla ya kuoa. Kipimo chake huchukua dakika chache.

Suala la nifasi niliahidi kwa dada zetu. Tumesoma kwamba mwisho wa nifasi ni siku 40 kwa Mahanafi na Mahanbali, na siku 60 kwa Mashafi na Mamaliki, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu hapa, wale wa asili ya Sudan na wale waliokuja kutoka pwani. Hesabu hizo ni za swala, funga na ndoa. Hazimaanishi kwamba damu yoyote ndani ya siku hizo ni salama. Kwa kawaida damu ya uzazi hufifia kila siku, kutoka nyekundu kwenda hudhurungi hadi majimaji. Ikigeuka ikawa nyekundu tena kwa wingi siku ya kumi, ikija na mabonge, harufu mbaya au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nimeona mama aliyengoja siku ya arobaini ndipo aulize, na alikuwa akimuuliza shekhe.

Mtoto naye nisimsahau, ingawa nafasi imekwisha. Kuna jambo la kitovu ambalo linafundisha namna ya kusoma tafiti. Mwaka 2006 utafiti wa Nepal ulionyesha kwamba kupaka klorheksidini kwenye kitovu kulipunguza vifo vya watoto wachanga kwa karibu robo, na Bangladesh nako yalipatikana matokeo ya kutia moyo. Watu wakadhani jambo limekwisha. Kisha dawa hiyo hiyo ikajaribiwa kwa Waislamu wenzetu wa Pemba, kati ya 2011 na 2013, kwa watoto 36,911. Waliopakwa walikufa 10.5 kwa kila elfu, walioachwa kitovu kikavu 11.7. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba huenda ikawa bahati tu. Zambia nako dawa haikuonyesha faida. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani sasa linasema kitovu kiwe safi na kikavu, na klorheksidini ibaki kwa sehemu ambazo watu wana mazoea ya kupaka vitu vya hatari kama kinyesi cha mnyama. Mwaka 2020 shirika hilo lilitoa pia tahadhari, baada ya dawa hiyo kutiwa machoni mwa watoto kwa kudhaniwa ni ya macho.

Kwa nyumba zetu basi: wembe mpya, uzi safi, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, na usipake majivu, mafuta wala udongo. Sudan Kusini bado ilikuwa katika orodha fupi ya nchi ambazo hazijatokomeza pepopunda ya watoto wachanga nilipoisoma mara ya mwisho, na pepopunda huingilia hapo hapo kitovuni. Chanjo ya mama wakati wa ujauzito inamkinga mtoto pia. Tahnik ni sunna, nasi tunaipenda. Anayeifanya awe mzima, asiwe na kikohozi wala vidonda mdomoni, asugue tende laini kidogo sana kwenye kaakaa, na isimcheleweshe mtoto kupata dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano ambayo bibi zetu wengine huyakamua na kuyamwaga. Adhana sikioni huchukua dakika mbili, na mtoto anaweza kuadhiniwa akiwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge, bila kutolewa kwenye joto lake.

Baada ya msiba wa Munuki nilimwendea mzungumzaji yule nyumbani kwake, nikiwa na kaka yangu. Nilimsomea orodha ya mashahidi saba kama nilivyowaandikia hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza karatasi yenye mfuko wa vipimo inauzwa wapi hapa Juba. Nilimwambia sijaiona dukani, lakini mwalimu wetu hutufundisha kwa mfuko wa nailoni na jagi la plastiki la lita moja, la kutoka soko la Konyokonyo. Ijumaa iliyofuata yalikuwepo majagi kumi na mawili mlangoni mwa msikiti, na karatasi juu yake imeandikwa: ya wodi ya wazazi.

Wabillahi tawfiq.